Aliyerudi Nyumbani Siye Yule Aliyeondoka

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Wazee wetu walipounena usemi huo walikuwa wakifikiria utungu wa kuzaa, maradhi na kifo, mambo ambayo hayabagui nyumba. Yamkini hawakumfikiria mzazi ambaye mtoto wake hajafa, wala hayuko hai machoni pake. Mtoto aliyechukuliwa usiku kwa mtutu wa bunduki, akakaa msituni miaka saba au kumi, kisha akatokea siku moja akiwa na mtoto wake mwenyewe mgongoni. Uchungu wa namna hiyo ndio uliozipata nyumba nyingi za kaskazini ya Uganda, katika nchi ya Waacholi, ya Walango na ya Wateso, wakati wa vita vya waasi wa LRA, tangu vilipoanza katika miaka ya 1986 na 1987 hata mapigano yalipositishwa mwaka 2006.

Habari za vita vile zimeandikwa sana: idadi ya vikosi, majina ya makamanda, mikutano na mikataba. Leo ukurasa huu wapenda kueleza habari za upande wa jikoni. Habari za wazazi waliongoja, za mabinti waliorudi, na za watoto waliokuja nao bila ya kutarajiwa. Wasomaji wetu wengi ni askari wa jeshi na wa polisi, pamoja na wake zao na watoto wao. Hao wanajua kuliko watu wengine maana ya kumngoja mtu ambaye hujui kama atarudi, na akirudi, atarudi akiwa na hali gani.

USIKU WA SIKUKUU YA UHURU

Tarehe 9 Oktoba, 1996, Uganda iliadhimisha miaka 34 ya Uhuru wake. Usiku wa kuamkia tarehe 10, waasi waliivamia shule ya wasichana ya St Mary's huko Aboke, katika Wilaya ya Apac ya wakati ule, ambayo sehemu yake hiyo leo ni Wilaya ya Kole. Ilikuwa shule ya Wakatoliki, yenye sifa ya malezi mema na masomo ya juu. Waasi waliingia mabwenini, wakawachukua wasichana 139, wakatoweka nao gizani.

Kulipopambazuka, Sista Rachele Fassera, mtawa wa Kiitaliano aliyekuwa msaidizi wa mwalimu mkuu, hakukaa kitako kungoja msaada. Alifuatana na mwalimu mmoja mwanamume, wakashika njia ya porini, wakiongozwa na nyayo na karatasi za peremende zilizodondoshwa na waasi waliokuwa wamepora vitu shuleni. Hatimaye waliwakuta. Mtawa yule, asiyekuwa na silaha yo yote, alimsihi mkuu wa waasi awarudishe watoto wake. Baada ya maombi marefu mkuu yule alikata shauri: wasichana 109 waende na Sista, na 30 wabaki. Sista aliomba abaki yeye badala yao, lakini hakusikilizwa. Ikambidi ageuze uso, awaongoze wale 109 kurudi shuleni, na nyuma yake aviache vilio vya wale 30.

Ewe msomaji uliye mzazi, jiweke katika nafasi ya wazazi wa Aboke siku ile. Kwa wazazi wa wasichana 109 ilikuwa siku ya kumshukuru Mungu. Kwa wazazi wa wasichana 30 ulikuwa mwanzo wa safari ambayo hapana aliyejua urefu wake. Na watu hao wote walikuwa wakifahamiana; walisali katika kanisa moja, walinunua katika soko moja. Mmoja alikuwa na furaha ambayo aliona haya kuionyesha, na mwenziwe alikuwa na huzuni ambayo hakuweza kuificha.

MAMA ALIYEKATAA KUMPOKEA MTOTO WAKE PEKE YAKE

Miongoni mwa wale 30 alikuwamo binti wa miaka 14, mtoto wa Bibi Angelina Atyam, muuguzi na mkunga wa mji wa Lira. Yeye pamoja na wazazi wenziwe waliunda chama cha wazazi wa watoto waliotekwa. Hawakuwa wanasiasa wala wanasheria. Walikuwa watu wa kawaida: wakulima, walimu, wafanyakazi wa hospitali. Walizungumza popote walipopata masikio ya kuwasikiliza, ndani ya nchi na ng'ambo, mpaka jina la Aboke likajulikana duniani. Mwaka 1998 Bibi Atyam alikuwa mmoja wa waliopewa Tuzo ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa.

Sifa hizo ziliwaudhi waasi. Bibi huyo aliletewa ujumbe ya kwamba, endapo chama chao kitanyamaza, atarudishiwa binti yake. Hapa ndipo pana jambo ambalo hata leo huwafanya watu watikise kichwa. Alikataa. Alijibu kwamba watoto wote waliotekwa wamekuwa watoto wake. Basi kama ni kurudi, na warudi wote. Wapo watakaosema kwamba mama wa kweli angalimchukua mtoto wake kwanza, akaacha mengine yajisemee. Sisi hatuthubutu kumhukumu mtu aliyesimama mahali pale. Twajua tu kwamba kukataa kwake kuliwaambia wazazi wengine, ambao watoto wao hawakuwa wa shule maarufu wala hawakutajwa na redio yo yote, kwamba hawakuachwa peke yao.

Jambo la pili alilolifanya mama huyo lilikuwa gumu zaidi. Wazazi wale walikuwa na desturi ya kukusanyika kusali. Siku moja, walipofika katika maneno ya Sala ya Bwana yahusuyo kuwasamehe waliotukosea, ndimi zao zikawa nzito, wasiweze kuendelea. Walikuwa wakiomba kitu ambacho wao wenyewe hawakuwa tayari kukitoa. Baadaye Bibi Atyam aliulizia habari, akamtafuta mama mzazi wa mwasi aliyekuwa amemshika binti yake. Alipompata alimwambia kwamba amemsamehe mwanawe na ukoo wake. Mama yule naye alikuwa mzazi ambaye mtoto wake alimezwa na msitu.

Mwezi wa Julai, 2004, baada ya miaka saba na miezi tisa, binti yake Bibi Atyam alitoroka, akarudi. Alikuwa ameondoka mwanafunzi. Alirudi mama wa watoto. Wenzake wengine walirudi kabla yake na wengine baada yake. Wapo waliofia msituni. Na wa mwisho alifika mwaka 2009, akitokea Kongo.

MAELFU WASIOANDIKWA MAGAZETINI

Wasichana wa Aboke walijulikana, lakini hawakuwa peke yao. Makadirio ya mashirika ya Umoja wa Mataifa yalitaja watoto zaidi ya 20,000 waliotekwa katika vita vile, wavulana kwa wasichana. Kulipochacha, watu wapatao 1,800,000 walikuwa wakikaa kambini, mbali na mashamba yao, wakila chakula cha msaada. Jioni jioni, hasa katika miaka ya 2003 na 2004, makumi ya maelfu ya watoto walikuwa wakitoka vijijini kwa miguu, kila mmoja na blanketi au gunia lake, wakienda kulala katika miji kama Gulu na Kitgum: chini ya baraza za maduka, katika viwanja vya makanisa na vya hospitali, ili wasichukuliwe usiku. Asubuhi walirudi kwao.

Askari wa serikali naye alikuwa katika mtihani ambao chuo cha kijeshi hakikumfundisha. Aliyekuwa mbele yake na bunduki mara nyingi alikuwa mtoto aliyetekwa, ambaye mama yake alikuwa kambini akilindwa na askari yule yule. Ndiyo sababu jeshi liliweka huko Gulu kitengo maalumu cha kuwapokea watoto waliookolewa vitani au waliotoroka. Huko waliandikwa, kisha wakakabidhiwa kwa vituo vya malezi, kama kile cha GUSCO pale Gulu, au kile cha Lira kilichopewa jina la Sista Rachele. Sheria ya msamaha iliyopitishwa mwaka 2000 iliwafungulia mlango wale waliotaka kuweka silaha chini. Na redio ya Mega ya Gulu ilikuwa na kipindi kiitwacho kwa Kiacholi Dwog Paco, yaani Rudi Nyumbani. Waliokwisha kurudi walisema kwa sauti zao wenyewe kwamba wako hai na hawakuuawa, na waliobaki msituni wakawasikia katika redio ndogo za makamanda. Mtu anaweza kuziba masikio asisikie tangazo la serikali. Sauti ya rafiki aliyelala naye njaa ni vigumu kuikataa.

YAI MLANGONI

Waacholi wana desturi yao ya kumpokea mtu aliyekaa mbali muda mrefu, ambaye inafikiriwa ya kwamba huenda amekumbana na mambo mabaya huko. Mlangoni pa boma huwekwa yai bichi juu ya kijiti cha mti uitwao opobo, pamoja na layibi, yaani ule mti wa kuinulia paa la ghala la nafaka. Anayerudi hulikanyaga yai, kisha huingia. Yai ni kitu kisicho na hatia, ambacho hakijaonja ubaya. Opobo ni mti wenye utelezi, ambao watu wa zamani waliutumia mfano wa sabuni. Layibi humkumbusha mgeni wa muda mrefu kwamba chakula cha nyumba hii bado ni chake. Waliofanyiwa hivyo katika vita vile ni maelfu, na pengine watu wengi walikanyaga mayai kwa pamoja katika mkusanyiko mmoja.

Ni desturi njema, na aliyeitunga alikuwa na hekima. Walakini yai huvunjika kwa nukta moja, na maisha ya nyumbani ni ya kila siku. Siku ya kwanza jirani wote huja, vigelegele hupigwa, kuku huchinjwa. Siku ya tatu maneno huanza. Yule mwenye kisima hataki binti achote maji pamoja na watoto wake. Mwingine, ambaye mwanawe hakurudi, hawezi kumtazama aliyerudi bila ya kujiuliza kwa nini huyu na si yule. Na wapo walio na sababu nzito zaidi: ndugu yao aliuawa, na wanaamini kwamba aliyerudi alikuwamo katika kundi lililoua.

Upande wa binti nao una mzigo wake. Mama alimngoja mtoto wa miaka 14, mwenye kuimba kwaya na kukataa kuosha vyombo. Aliyeingia mlangoni ni mwanamke wa miaka 22, anayelala bila ya kuvua nguo, anayeshtuka mlango ukigongwa, asiyependa kuulizwa. Mama anamtafuta binti wa zamani ndani ya uso ule, na binti anaona katika macho ya mama yake kwamba hapatikani. Hapo ndipo nyumba nyingi zilipopata mtihani mkubwa kuliko ule wa kungoja. Nyumba zilizomtaka yule wa zamani ziligombana kila siku. Nyumba zilizokubali kwamba aliyefika ni mtu mpya, ambaye lazima ajulikane upya, zilipata amani kidogo kidogo.

WATOTO WENYE MAJINA YA MAJONZI

Katika mambo yote ambayo wazazi hawakuyatarajia, kubwa lilikuwa wajukuu. Akina mama wengi waliozalia msituni waliwapa watoto wao majina ya kueleza hali yao, kama vile Komakech, maana yake sina bahati, au Anenocan, maana yake nimeona shida. Mtoto mchanga hajui maana ya jina lake. Akifika shuleni, wenzake humweleza, tena bila ya huruma, na huongeza jina la yule kiongozi wa waasi kuwa ndiye baba yake. Ndiyo maana wako akina mama waliobadilisha majina ya watoto wao baada ya kurudi, wakawapa mengine yenye heri.

Lakini jina laweza kubadilishwa kwa siku moja. Ukoo haubadilishwi hivyo. Katika desturi za watu wa kaskazini, mtoto ni wa ukoo wa baba, na ardhi hupatikana kwa njia ya baba. Mtoto aliyezaliwa msituni hana mahari iliyotolewa kwa ajili ya mama yake, hana baba wa kumwonyesha mpaka wa shamba. Wajomba humvumilia akiwa mdogo. Akianza kuota ndevu huulizwa atajenga wapi. Mama yake akiolewa na mume mwingine, mara nyingi mume huyo humkubali mke asimkubali mtoto. Watoto hao si watoto tena. Wengi wao leo ni vijana wa miaka 20 na zaidi, na swali la ardhi limewafikia mlangoni.

Lililotokea baadaye hapana aliyelitabiri. Wanawake wale wale waliokuwa wakinyooshewa vidole sokoni walianza kukutana na kusaidiana, na mwaka 2011 wakaunda mtandao wao wa utetezi. Mmoja wa viongozi wao, Evelyn Amony, alitekwa mwaka 1994 akiwa bado mtoto, akarudi mwaka 2005, na mwaka 2015 maisha yake yalichapishwa katika kitabu. Mwaka 2014 wanawake hao walipeleka maombi yao katika Bunge la Uganda, wakitaka taifa liwatambue wao na watoto wao.

Tena walifanya kazi nyingine ya kimya, isiyohitaji Bunge. Walianza kuzitafuta koo za wale wanaume waliowazalisha. Si kwa kuwapenda wanaume hao, la hasha, bali ili mtoto ajue anakotoka na apate mahali pa kusimama. Walikwenda kwa hofu, wakitarajia kufukuzwa. Mahali pengine walifukuzwa kweli. Lakini pengine walikuta bibi kizee ambaye mwanawe naye alitekwa akiwa mtoto, hakurudi tena, wala kaburi lake halijulikani. Bibi huyo alipomwona kijana aliyeletwa, akaiona sura ya mwanawe, alilia, akamshika mkono akamwingiza ndani. Kwa binti, mtoto yule alikuwa ukumbusho wa mateso. Kwa bibi, alikuwa ndiye masalio pekee ya mwana aliyepotea. Wote wawili walikuwa wakisema kweli.

ALIYETEKWA NAYE AKATEKA

Wasomaji wetu walio walinzi wa sheria watauliza: je, kila mtu asamehewe? Dominic Ongwen alitekwa akiwa mtoto, njiani kwenda shule. Alikua msituni, akapanda vyeo mpaka akawa kamanda, na watu wengi waliteseka kwa amri zake, wakiwamo mabinti waliotekwa. Alijisalimisha mwezi wa Januari, 2015. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya The Hague ilimtia hatiani mwezi wa Februari, 2021, na mwezi wa Mei mwaka huo ikamhukumu kifungo cha miaka 25. Katika kupima adhabu majaji waliutaja utoto wake ulioibwa. Lakini haukumfutia makosa yake.

Mwezi wa Februari, 2024, mahakama hiyo hiyo iliamuru fidia ya zaidi ya Yuro milioni 52 kwa ajili ya waathirika wanaokaribia 50,000. Na katika hesabu hiyo walitajwa waziwazi watoto waliozaliwa kutokana na mateso ya mama zao. Kwa mara ya kwanza Komakech wa kijijini aliambiwa na majaji kwamba yeye si kosa. Yeye ni mtu aliyekosewa. Sheria ina kazi yake, na nyumba ina kazi yake. Hakimu hawezi kumbembeleza mtoto aliyeota ndoto mbaya, na mama hawezi kufunga kesi ya mauaji. Kila mmoja na ashike jembe lake.

MAFUNZO KWA NYUMBA ZETU

Vita havichagui taifa, na wala si vita peke yake vinavyowabadilisha watu. Askari aliyekwenda kulinda amani nchi ya mbali, polisi aliyeshuhudia ajali ya kutisha, kijana aliyetoka kifungoni, binti aliyekimbilia mjini akarudi na mimba: wote hawa hurudi mlangoni wakiwa si wale walioondoka. Kutokana na yaliyowapata jirani zetu wa kaskazini, sisi twaweza kujifunza machache.

Kwanza, anayerudi asihojiwe kama mtuhumiwa. Mpe maji ya kuoga, mpe chakula, mpe mahali pa kulala. Maneno yatakuja yenyewe kwa wakati wake, na yakija, yasikilizwe na mtu mmoja anayeaminiwa, si na kijiji kizima.

Pili, mtoto asibebeshwe jina la makosa ya wazazi wake. Mtu mzima akimwita mtoto jina la dharau, watoto wenziwe watalishika, na halitatoka.

Tatu, mambo ya ardhi na ukoo yasemwe mapema, mbele ya wazee na kwa maandishi, kijana angali mdogo. Ugomvi wa shamba ukiachwa mpaka baba na babu wamekufa, huzaa vita vingine ndani ya boma.

Nne, jirani ambaye mtoto wake hakurudi asisahauliwe. Vigelegele vyetu humchoma. Nenda kwake siku hiyo hiyo, kaa naye, wala usiwe na maneno mengi.

Katika nyumba nyingi za kaskazini ya Uganda bado kuna kiti ambacho hakijapata mwenyewe, na bado kuna mama asemaye kwamba akisikia mbwa anabweka usiku hutega sikio. Mama huyo hana haja ya kuhurumiwa kwa hotuba. Anachokiomba ni kwamba siku mlango utakapogongwa, awe ni mwanawe au awe ni mjukuu asiyemjua, jirani wasimfunge mlango wao.